Chama kilichoangushwa kianze kuwatafuta waliobaki nyumbani

Uchaguzi wa Ghana wa Desemba 2016 husimuliwa kwa asilimia. Nana Akufo-Addo wa chama cha upinzani, NPP, alipata karibu 54, Rais John Mahama wa chama tawala, NDC, akaambulia 44, na bungeni NDC ikaporomoka kutoka viti 148 hadi 106. Ilikuwa mara ya kwanza nchini humo kwa rais aliye madarakani kuomba muhula wa pili akanyimwa.

Asilimia hizo ni sahihi, ila zinaficha jambo ambalo mwanasiasa yeyote aliyeshindwa angepaswa kulitazama kwanza. Mwaka 2012 Mahama alipigiwa kura milioni 5.57. Mwaka 2016 alipigiwa takriban milioni 4.7. Zaidi ya kura laki 8 zilipotea. Mpinzani wake, kati ya chaguzi hizo mbili, aliongeza takriban laki 5 tu. Wakati huohuo waliojitokeza kupiga kura walishuka kutoka asilimia 80 hadi chini ya 70. Wapo waliohama, hilo halina ubishi, na daftari la wapiga kura hubadilika kila mwaka kwa vifo na kwa vijana wanaotimiza umri. Lakini hata ukipunguza yote hayo, picha inabaki ileile: kundi kubwa la watu wa NDC halikwenda kwa NPP. Siku ya kupiga kura halikwenda popote.

Hoja yangu ni kwamba kujenga upya chama kilichoangushwa kunaanzia kwa watu hao. Kabla ya kubadili mwenyekiti, kabla ya kaulimbiu mpya, kabla ya kutafuta muungano na vyama vidogo, chama kijue ni nani walikuwa wake na hawakutoka nyumbani, wanakaa kituo gani, na nini kiliwavunja moyo. Ni kazi ya jasho na haina waandishi wa habari, ndiyo maana vyama vingi huiruka.

Sababu za Waghana kususa zilikuwa wazi. Nchi ilikuwa imepita kwenye mgawo mkali wa umeme, ule walioubatiza dumsor, ulioua mitambo ya mafundi na biashara za samaki wa barafu. Serikali ilikuwa imeingia mkataba na IMF mwaka 2015 na kubana ajira za umma. Posho za wanafunzi wa ualimu na uuguzi ziligeuzwa mikopo. Na katikati ya hayo, Machi 2015, Mahama akiwa Botswana aliwaambia Waghana waishio huko kwamba migomo na maandamano vimemfanya awe kama mbuzi aliyekwisha kufa, ukimwonyesha kisu hashtuki. Huenda alikusudia utani, lakini nyumbani kauli hiyo ilimfuata hadi kwenye sanduku la kura. Umeme ulirejea kwa kiasi kikubwa kabla ya uchaguzi, kwa hiyo washauri wake wakadhani kesi imekwisha. Mwenye saluni aliyefunga duka miezi kadhaa hakuiona hivyo.

Kuna kosa jingine la 2015 ambalo vyama vyetu vya Afrika Mashariki vinalifahamu vizuri. NDC iliamua wagombea wake wachaguliwe na wanachama wote wenye kadi, si wajumbe wachache. Kwa maneno ni demokrasia safi, na mtu yeyote aliyewahi kusikia mgombea wa Tanzania akilalamika kwamba "wajumbe si watu" atapiga makofi. Kilichotokea ni kwamba kila mtaka ubunge akasajili watu wake. Mahama, ambaye hakuwa na mpinzani ndani ya chama, alithibitishwa kwa kura zaidi ya milioni 1 za wanachama. Mwaka uliofuata chama chenye kadi zote hizo kikashindwa vibaya. Daftari la wanachama lilikuwa limepimwa kwa wingi wa kadi, na kadi alikuwa amezilipia mgombea, tena kwa ajili ya mchujo wake tu. Mchujo ulipokwisha na yeye akakatwa, hakuwa tena na sababu ya kuwatoa watu wake nyumbani.

Baada ya kipigo, NDC ilifanya jambo moja la maana. Iliunda kamati ya watu 13 chini ya Kwesi Botchwey, aliyekuwa waziri wa fedha kwa miaka mingi enzi za Jerry Rawlings. Umuhimu wa jina hilo ni kwamba Botchwey hakuwa ameendesha kampeni ya 2016, hakuwa na cha kuficha, na umri wake ulikuwa umempitisha kwenye tamaa ya cheo. Kamati ilizunguka mikoani, ikakaa na matawi, ikasikiliza matusi. Juni 2017 ikakabidhi ripoti ya zaidi ya kurasa 400.

Kisha uongozi ukaifungia kabatini. Ripoti haikutolewa hadharani, na wengi waliona huo ni woga. Mimi nasita kidogo hapo. Chama si wizara, na orodha ya udhaifu wako wote ukiiweka mezani utakuwa umempa mpinzani vitabu vyako vya mahesabu. Ila kuna tofauti kati ya kuwaficha wapinzani na kuwaficha wenyewe waliotoa ushahidi. Katibu wa tawi aliyesimama mbele ya kamati kule Volta, ngome ya NDC ambako watu hawakujitokeza ilivyozoeleka, alistahili kurudishiwa angalau sura inayohusu jimbo lake, na kuambiwa lipi limekubaliwa na lipi limekataliwa. Usipofanya hivyo, kamati ya pili ikija atakaa kimya.

Hata hivyo kazi ya chini ilifanyika, na matokeo yake yalionekana mahali ambapo watu wengi hawatazami, yaani kwenye uchaguzi uliofuata ambao NDC ilishindwa tena. Mwaka 2020 Mahama alipata asilimia 47.4 dhidi ya 51.3 za Akufo-Addo. Magazeti yakaandika kwamba mzee ameshindwa mara mbili, apumzike. Lakini kura zake zilikuwa zimepanda kutoka takriban milioni 4.7 hadi milioni 6.2. Ongezeko la milioni 1.5 ndani ya miaka 4, huku chama tawala, chenye dola na elimu ya sekondari bila ada mkononi, kikiongeza takriban milioni 1. Bungeni wakatoka sare, 137 kwa 137 na mbunge mmoja binafsi, na Alban Bagbin wa NDC akakalia kiti cha Spika.

Sasa linganisha na 2024. Mahama alishinda kwa zaidi ya asilimia 56, ushindi ulioitwa wa kishindo. Kura zake? Milioni 6.6 hivi. Ukilinganisha na 2020 aliongeza chini ya laki 4 tu. Waliofanya ushindi uonekane mkubwa ni wapiga kura wa NPP, ambao walishuka kutoka milioni 6.7 hadi chini ya milioni 4.9. Safari hii wao ndio waliobaki nyumbani. Kwa hiyo NDC ilijengwa kati ya 2017 na 2020, ikasimama karibu na pale ilipofika, na uchumi ulipoanguka ikawa ndiyo nyumba pekee yenye taa.

Msomaji makini atasema: basi ni zamu tu. Ghana ina mazoea ya kubadilisha chama kila baada ya miaka 8. NDC ilitoka 2000 ikarudi 2008, NPP ikatoka 2008 ikarudi 2016. Kaa, subiri, mfumuko wa bei utakuletea Ikulu. Ni kweli kwamba Desemba 2022 mfumuko wa bei Ghana ulivuka asilimia 54 na serikali ikasitisha kulipa sehemu kubwa ya madeni ya nje. Chama chochote tawala kingeyumba. Lakini zile kura milioni 1.5 zilirudi 2020, miaka miwili kabla ya janga hilo. Tena zamu haimfuati kila anayengoja. Ukitaka kujua chama kilichongoja bila kujenga huwaje, huna haja ya kwenda Accra.

Desemba 27, 2002, KANU iliondolewa madarakani Kenya baada ya miaka 39. Mwai Kibaki wa muungano wa upinzani, NARC, alipata asilimia 62, Uhuru Kenyatta wa KANU 31. Kipigo kikubwa, lakini hebu kitazame kwa macho ya mjenzi: kura zaidi ya milioni 1.8, wabunge 64 wa kuchaguliwa, matawi katika kila wilaya, na mgombea kijana aliyekubali kushindwa kwa heshima. Vyama vingi vya upinzani Afrika vingetamani kuanzia hapo. Chanzo cha kushindwa nacho hakikuhitaji kamati. Machi 2002 pale Kasarani chama kiliungana na NDP ya Raila Odinga. Miezi michache baadaye Daniel arap Moi akamteua Uhuru kuwa mrithi bila ushindani wa kweli. Oktoba Raila, Kalonzo Musyoka, George Saitoti na wenzao wakatoka na nusu ya chama. Mtoto wa shule angeweza kuandika ripoti hiyo.

KANU ilifanya nini? Mwanzoni mwa 2003 serikali mpya iliichukua KICC, jengo ambalo chama kililifanya makao yake na chanzo chake cha mapato. Hapo ndipo ilipojulikana ni kiasi gani cha chama kilikuwa dola. Matawi yaliyozoea kupokea hayakujua kuchangisha. Juhudi za juu zikamalizikia kwenye kiti. Uhuru na Nicholas Biwott waligombea uenyekiti mwanzoni mwa 2005, Uhuru akashinda, upande wa Biwott ukakataa, wakaanza kugombea jina na nembo. Novemba mwaka huo ikaja kura ya maoni ya katiba, KANU ikasimama upande wa chungwa, yaani wa kuikataa rasimu, uliopata asilimia 58, na viongozi wakalewa ushindi ambao haukuwa wao. Kufikia 2007 Uhuru, ambaye kwa wadhifa alikuwa kiongozi rasmi wa upinzani bungeni, alikuwa anampigia debe Rais Kibaki. William Ruto, aliyekuwa katibu mkuu, alikuwa kwenye chama cha ODM cha Raila. Chama kilichotawala miaka 39 hakikuwa na mgombea urais.

Wale wapiga kura milioni 1.8 hawakupotea. Wa Bonde la Ufa walimfuata Ruto ODM, wa Mlima Kenya wakampa Kibaki. Mwaka 2013 Uhuru na Ruto waliingia Ikulu pamoja, mmoja na TNA na mwingine na URP, vyama ambavyo havikuwa na umri wa mtoto wa chekechea. Wana wa KANU walirudi madarakani, KANU haikurudi. Mpiga kura wake hakuwa amewahi kuandikwa mahali popote kama mpiga kura wa chama. Aliandikwa kama wa mtu fulani, na mtu alipohama, daftari likahama naye.

Kiongozi abaki au aondoke? Ndilo swali linalokula muda wote baada ya kushindwa, na nadhani linakula zaidi ya linavyostahili. NDC ilimrudisha mtu yuleyule. Lakini haikumrudisha kwa kumpitisha mkutanoni kwa makofi. Februari 2019 alishindanishwa na wenzake kadhaa, akiwemo Bagbin huyohuyo aliyemkosoa waziwazi, akashinda kwa asilimia 95. Lililonivutia zaidi ni kwamba Bagbin hakusukumwa nje. Chama hakiwezi kujijenga kama kila anayegombea na kushindwa ndani anageuka mwanzilishi wa chama kingine. Baadaye, Desemba 2022, NDC ilimwangusha mwenyekiti wake na kumchagua Johnson Asiedu Nketia, mwanamke aliyekuwa katibu mkuu kwa miaka mingi na anayelijua kila tawi. Mabadiliko ya juu yalifuata kazi ya chini.

Nimeacha kwa makusudi neno ambalo kwenye vijiwe vyetu huja la kwanza: tumeibiwa. NDC nayo ililitumia 2020, ikaenda Mahakama ya Juu. Machi 4, 2021 majaji wote 7 waliitupa kesi. Walalamikaji walidai hakuna aliyevuka nusu ya kura, lakini hawakuweka mezani majumlisho yao wenyewe ya nchi nzima yaliyojengwa kutoka fomu za vituoni. Kwa chama chenye mawakala nchi nzima, hiyo ni aibu kubwa kuliko kushindwa kesi. Unapiga kelele umeibiwa ng'ombe na hujui alikuwa na rangi gani.

Somo hilo walilielewa. Mwaka 2024 NDC iliweka nguvu zake kwenye mawakala na kujumlisha fomu yenyewe, na matokeo yake yalikuwa mitaani mapema kuliko ya tume. Upande wa pili ulikuwa umefanya vivyo hivyo: asubuhi ya Desemba 8, kabla tume haijatangaza chochote, Mahamudu Bawumia, mgombea wa NPP, alimpigia Mahama simu kumpongeza, akieleza kwamba majumlisho ya ndani ya chama chake mwenyewe yanaonyesha ameshindwa. Hesabu nzuri humlinda aliyeibiwa na humwokoa aliyeshindwa kihalali asiwapeleke vijana wake barabarani bure. Wakala mwenye fomu iliyosainiwa, aliyekula, aliyelipiwa nauli, na ambaye jirani zake wanamjua kwa jina, ana thamani kuliko mwanasheria yeyote wa Accra au Nairobi.

Hapa msomaji wa Tanzania atanikata kauli, na ana haki. Wakala ana maana gani mahali ambapo mgombea wake alienguliwa kabla hata ya kampeni? Mwaka 2019 vyama vikubwa vya upinzani vilijitoa kwenye uchaguzi wa serikali za mitaa baada ya wagombea wao wengi kukatwa, chama tawala CCM kikazoa zaidi ya asilimia 99 ya vijiji na mitaa. Mwaka 2020 Chadema ilibaki na jimbo moja la kuchaguliwa. Huwezi kufanya uchunguzi wa kwa nini watu walibaki nyumbani wakati hujui ni wangapi walitoka. Nakubali. Mfano wa Ghana unadai tume inayohesabu na mahakama inayosikiliza, na pasipo hivyo sehemu kubwa ya makala haya haifanyi kazi.

Sehemu inayobaki ni ile ya orodha ya watu. Ushahidi wake uko Zanzibar. Baada ya uchaguzi wa Oktoba 2015 kufutwa, na chama cha upinzani cha CUF kususia marudio ya Machi 2016, chama kikapasuka kati ya Maalim Seif Sharif Hamad na Profesa Ibrahim Lipumba. Machi 2019 mahakama iliutambua uongozi wa Lipumba. Jina, nembo na ruzuku vikaenda upande huo. Maalim Seif na watu wake wakatangaza: shusha tanga, pandisha tanga, safari iendelee. Ndani ya siku chache matawi yaliyokuwa ya CUF Unguja na Pemba yalikuwa yanapakwa rangi za chama walichohamia, ACT-Wazalendo. Utasema ni ushawishi wa mtu mmoja, kama wa Ruto. Kwa sehemu, ndiyo. Lakini Maalim alifariki Februari 2021, na matawi hayakurudi CUF wala hayakutawanyika. Yalikuwa ya mabarazani, ya watu wanaojuana tangu 1992, wanaojua nani kahamia Dar, nani kakosa kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi na kwa nini. Msajili wa vyama hawezi kukunyang'anya hayo, wala hawezi kukupa.

Chadema nayo baada ya 2020 ilipoteza miaka mingi kwenye mgogoro wa wabunge 19 wa viti maalumu walioapishwa dhidi ya msimamo wa chama, wakafukuzwa uanachama, wakaendelea kukaa bungeni hadi muhula ukaisha. Sitaingia kwenye nani alikuwa sahihi. Ninachosema ni kwamba viti vichache vinavyobaki baada ya kipigo, na posho zake, huwa hatari kuliko viti vilivyopotea, na chama kinapaswa kuamua taratibu za kuvigawa kabla ya uchaguzi, wakati kila mtu bado anaamini atashinda na hana sababu ya kupigania makombo.

Wakati huu wapo wengine wawili walio kwenye mavumbi. NPP ya Ghana iliunda kamati yake baada ya 2024, chini ya Spika mstaafu Mike Oquaye. Ikitaka, hesabu yake ni rahisi kuisoma: karibu watu milioni 2 waliowapigia 2020 na hawakuwapigia 2024. Kelele zote za nani awe mgombea wa 2028 zilikuwa na maana tu kama zilijibu jinsi ya kuwapata hao.

Kesi ngumu zaidi ni BDP ya Botswana, iliyotawala tangu uhuru mwaka 1966 na Oktoba 2024 ikabakiwa na viti 4 kati ya 61. Vyombo vya habari viliizika. Lakini BDP ilipata takriban asilimia 30 ya kura, na UDC ya Duma Boko iliyoshinda viti 36 ilipata kama 37. Mfumo wa kila jimbo mshindi mmoja uliiadhibu kwa sababu kura zake zilikuwa zimesambaa, huku wapinzani wakishinda majimbo kwa tofauti ndogo. Ikisoma viti, itakata tamaa na wabunge wake watajiuza. Ikisoma kura, itaona chama cha pili kwa ukubwa nchini kinachohitaji kushinda watu wachache katika majimbo mengi. Na itaona kwamba jeraha lake la kwanza ni la 2019, pale rais wa zamani Ian Khama alipotoka na watu wake wa ukanda wa kati. Kwa hiyo kazi ya BDP haiko kwenye hoteli za Gaborone. Iko Serowe, kumuuliza mtu aliyemfuata Khama ni kitu gani kingemrudisha, na kuandika jibu lake kama alivyolisema. Baadhi watajibu kwamba hakuna. Hao wafutwe kwenye hesabu, na kada aende nyumba inayofuata.